Shilingi 45,000, watoto watatu na Krismasi moja

"Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mbagala. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 11. Wa pili wa kike, miaka 6. Wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi minane. Nashona nguo nyumbani, baba yao anaendesha bajaji. Mwaka jana nilijibana nikanunua Kariakoo gari la rimoti na mdoli anayeimba. Mwaka Mpya haujafika gari likafa, mdoli akaishia uvunguni. Aliyefurahi mpaka mwisho ni yule mdogo, ambaye hata kutembea alikuwa hajui, na alichochezea ni boksi la lile gari. Mwaka huu nina shilingi 45,000 kwa wote. Mkubwa anataka tableti kama ya binamu yake. Mume wangu anasema aliyekuwa wa 38 darasani hastahili zawadi. Na huyu mdogo akiwekwa na wenzake hachezi nao, kila mmoja na lake. Naona kama nawanyima watoto wangu kitu. Nifanyeje?"

Nianze na lile boksi, dada yangu, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu umeshaiandika mwenyewe bila kujua.

Gari la rimoti linajua mambo manne: kwenda mbele, kurudi nyuma, kukata kushoto na kukata kulia. Mtoto wa miaka kumi akishayaona yote manne, kinachobaki ni kubonyeza, na kubonyeza hakuna kipya ndani yake. Mdoli anayeimba ni vilevile, tena yeye ana wimbo mmoja, na nadhani wewe mwenyewe ulikuwa wa kwanza kuomba betri ziishe. Boksi halijui lolote. Kwa hiyo kazi yote inabaki kwa mtoto: alipige kama ngoma, alisukume, atie kijiko ndani akitoe, ajifunike uso achungulie. Kwa mtoto wa miezi minane, kama alivyokuwa mdogo wako mwaka jana, hilo la kutia na kutoa ni somo zito kuliko linavyoonekana, maana ndio umri anaoanza kushika kwamba kitu kilichofichwa bado kipo. Akirudia mara hamsini usidhani anapoteza muda. Anahakikisha.

Kwa hiyo hukukosea sana Kariakoo, na watoto wako si wakosefu wa shukrani. Kitu kinachojichezea chenyewe humfanya mtoto kuwa mtazamaji, na mtazamaji huchoka upesi. Wingi nao hausaidii. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaangalia watoto 36 wenye miezi 18 hadi 30, yaani rika la mdogo wako. Walipowekewa vitu vinne tu, walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na wakakichezea kwa namna nyingi zaidi kuliko walipowekewa 16. Ni utafiti mdogo, wa chumbani, sitaki kuufanya sheria. Lakini nimefundisha walimu wa chekechea miaka mingi, na darasa lenye midoli imejaa hadi dirishani ndilo nililokuta watoto wanagombana zaidi.

Sasa hizo 45,000. Usizigawe mafungu matatu sawa, kwa sababu wanao hawahesabu kwa namna moja. Wa mwaka mmoja na miezi minane hajui bei, hajui hata kama ni Krismasi. Anachojua ni kwamba watu wamekuwa wengi na leo soda hazifichwi. Wa miaka sita anahesabu vipande: mpe vitu vitano vidogo, kila kimoja kimefungwa karatasi yake, kaka yake apate kimoja kikubwa, na atakwambia yeye ndiye aliyepata zaidi. Wa miaka 11 ndiye anayejua bei. Huyo ndiye anayelinganisha, na huyo ndiye anayeweza kuumia. Ningekuwa wewe, mdogo angepata zawadi isiyogharimu kitu, wa kati 10,000, mkubwa 20,000, na 15,000 zilizobaki zingekuwa za nyumba nzima. Bei ya kitu kimoja kimoja sikupangii, maana mwezi wa 12 bei za Mtaa wa Kongo hupanda kufuatana na sura ya mnunuzi na idadi ya watoto alioongozana nao. Nenda peke yako, na nenda mapema.

Mdogo kwanza, kwa kuwa ndiye rahisi. Wewe ni fundi, una vipande vya vitambaa vinavyobaki. Mshonee mpira wa vitenge uliojazwa vipande vidogo, wa ukubwa wa chungwa kubwa, anaoweza kuushika kwa mikono miwili. Koni za uzi zilizoisha ni mnara wa kujenga na kubomoa. Boksi la kiatu lenye kamba fupi ni gari la kuvuta. Hapo amemaliza.

Na hilo la kutocheza na wenzake lisikukoseshe usingizi. Mwaka 1932 mtafiti Mildred Parten alieleza jinsi watoto wadogo wanavyocheza, na moja ya hatua alizozitaja ni hiyo uliyoiona: wamekaa pamoja, kila mmoja na kitu chake, lakini macho yanaibia kwa mwenzake. Huyu akipiga kopo, yule naye baada ya muda anapiga. Katika umri huo kuwa karibu na mwenzako ndiko kucheza naye. Kupeana zamu na kufuata kanuni huja baadaye, polepole. Ziko dalili nyingine ambazo ningetaka uziangalie kwake, nitazitaja mbele.

Binti wa miaka sita mshonee mdoli wa kitambaa. Najua unasema moyoni, "huyu mtaalamu hajui watoto wa siku hizi." Subiri. Kama unamshonea gauni la sikukuu, kata kipande cha kitambaa kilekile umvike mdoli gauni kama lake. Asubuhi ya Krismasi akienda kanisani na mtoto wake aliyevaa sare naye, hakuna mdoli wa dukani utakaomfikia huyo. Halafu kuna faida isiyoonekana. Mdoli asiyesema humlazimisha mtoto kusema kwa niaba yake. Inabidi awe mama, kisha awe mtoto, kisha awe daktari anayechoma sindano na mgonjwa anayelia. Kila anapobadilisha sauti anajizoeza kuwaza kwa kichwa cha mtu mwingine, na anatunga sentensi ambazo mdoli anayeimba asingempa nafasi ya kuzitunga. Zile 10,000 zimnunulie vitu vidogo vidogo vya kumzungushia huyo mdoli: kalamu za rangi, daftari lisilo na mistari, vikombe vya plastiki vya kupikia, kamba ya kuruka. Na kila kimoja kikifungwa peke yake, kwa sababu nimekwambia anahesabu vipande.

Macho ya mdoli yadarizi kwa uzi. Usitumie vifungo, hata ukivishona mara tatu. Mdogo atavipata, na kifungo ni saizi ileile ya koo lake.

Mkubwa ndiye anayehitaji akili. Kabla ya kumjibu kuhusu tableti, muulize anafanya nini akiwa na tableti ya binamu yake. Sikiliza vizuri. Akikwambia wanashindana mpira wa kwenye kioo, wakicheka na kusukumana, basi anachokitamani kwa sehemu kubwa ni binamu. Akikwambia anachora au anatengeneza kitu, hapo umepata dalili ya zawadi. Mimi sisemi tableti ni sumu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto asiyefika miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini ametulia tu akitazama, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku; kijana wa miaka 11 hayumo humo. Tatizo la tableti kwenu ni la hesabu. Ile unayoweza kuikopea itakuwa ya bei rahisi kiasi cha kufuata njia ya gari la rimoti, itataka bando kila wiki, na mdogo ataing'ang'ania mchana kutwa. Mwambie kijana ukweli kwa sauti ya kawaida: "Mwaka huu mimi na baba tumetenga elfu arobaini na tano kwa ajili yenu watatu. Tableti haimo." Usimwambie "tutaona." Mtoto wa miaka 11 anaweza kubeba ukweli wa hela, kinachomchosha ni kusubiri jambo ambalo wewe mwenyewe unajua haliji.

Kisha mpe kitu cha kikubwa. Neno hilo nalitumia makusudi. Katika umri huo zawadi inayosema "umekua" humgusa kuliko toi. Plaizi yake mwenyewe, waya, ndala zilizokatika za kukatia magurudumu, na ruhusa ya kutumia kona moja ya ua kama gereji. Gari la waya lenye usukani mrefu humchukua mtoto siku kadhaa kulitengeneza, na likiharibika anajua pa kulifungua. Baba yake ni dereva wa bajaji. Kukaa naye jioni moja akimwonyesha jinsi usukani unavyogeuza gurudumu la mbele ni sehemu ya zawadi hiyo, na haina bei. Kama mwanao si mtu wa vyuma, mnunulie mpira wa miguu wa kweli. Mwenye mpira mtaani ana cheo, hata kama kuucheza hajui sana. Ila nikuonye: mpira wa bei ya chini kabisa hautamaliza wiki kwenye misumari ya uwanja wenu, na hela inayotosha mpira mzuri huenda ikahitaji upunguze kwenye fungu la nyumba. Kati ya hivyo viwili mimi ningechagua plaizi, lakini mimi simjui mwanao.

Nakuja kwa shemeji yangu na nafasi ya 38. Namwelewa. Anatoka alfajiri, anarudi usiku, ada haipo lakini michango ipo, kisha ripoti inakuja na namba hiyo. Anaogopa akitoa zawadi atakuwa amesifia uzembe. Tatizo ni kwamba zawadi ya Krismasi na matokeo ya mtihani ni mambo mawili, na mtoto akiyaona yamefungwa pamoja anajifunza kwamba nafasi yake nyumbani inapangwa na mwalimu wa darasa. Wadogo zake watafungua zawadi mbele yake. Binamu watauliza yako iko wapi. Atakachokumbuka ni aibu, na sijaona aibu ikimfundisha mtu sehemu na desimali.

Hata upande wa pili, wa "ukishika tatu bora nitakununulia baiskeli," una mtego wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake Marekani walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora; kundi jingine lilipewa cheti kwa kushtukizwa baada ya kuchora; la tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, walipoachwa wachague wenyewe la kufanya, wale walioahidiwa walichora muda mfupi zaidi, karibu nusu ya wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu. Inaelekea mtoto aliyeahidiwa alijiambia kwamba anachora kwa ajili ya cheti, na cheti kikishapatikana kuchora kunakosa sababu. Hilo linahusu zaidi jambo ambalo mtoto tayari analipenda, kwa hiyo sikuambii ahadi yoyote ni kosa. Mwombe shemeji tu, zawadi itolewe Desemba bila masharti, na nafasi ya 38 izungumzwe Januari, wakiwa wawili, na madaftari mezani. Pengine mtoto haoni vizuri ubaoni. Pengine kuna somo moja linalomvuta chini. Namba peke yake haisemi.

Fungu la nyumba sasa, na hapa ndipo ningeweka moyo wangu. Pita kwa muuza chipsi umwombe trei mbili za mayai. Trei moja ina mashimo 30, matano kwa sita, lakini ukikata kipande cha manne kwa manne kutoka kila trei na kuviunganisha, umepata mashimo 32 katika safu nne, yaani bao kamili. Kete ni 64. Wenye bahati wana komwe. Ninyi mna watoto wanaokula ubuyu, basi osheni mbegu, zianikeni, hesabuni. Kwa kuanzia chezeni bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, hakuna namua, yaani ile hatua ya kuingiza kete moja moja, wala nyumba, lile shimo maalumu, ya kuwachanganya. Mtoto wa miaka sita atajifunza kugawa kete moja moja bila kuruka shimo, ambako ni kuhesabu kwa vidole na macho pamoja. Wa miaka 11 ataanza kuona mbele: nikianzia hapa nitaishia wapi, na je, mbele yangu kuna kete za kula? Huko kusitasita kabla ya kushika shimo ndiko kunakohitajika kwenye hesabu, kwenye kuandika insha, hata kwenye kuvuka barabara ya Kilwa. Na mkikwama kwenye kanuni, mtume kijana kijiweni akamuulize mzee yeyote anayecheza. Atakaa huko saa nzima, na mzee atafurahi. Mbegu zirudi mfukoni kila huyo mtoto wa mwisho anapokuwa macho.

Kwa kuwa bao halikugharimu kitu, zile 15,000 ziwe safari: daladala mpaka Kivukoni, pantoni mpaka Kigamboni, mihogo ya kukaanga, mrudi kabla ya giza. Iandike kwenye kipande cha boksi kama tiketi, na tarehe juu yake, uifunge nayo kama zawadi. Usipange tarehe 26. Ufukwe unafurika na watoto hupotea. Chukua siku ya mwanzoni mwa Januari kabla shule hazijafunguliwa, siku ambayo sikukuu imeisha na nyumba ina unyonge. Nina sharti moja: tarehe ikishaandikwa isihame. Tiketi isiyotimizwa ni mbaya kuliko kutotoa zawadi kabisa, kwa sababu mwakani hawataiamini karatasi yako.

Siku yenyewe, wageni wakija na watoto wao, usiwaache waishie mbele ya televisheni. Rede inataka mpira wa soksi, chupa na mchanga: wawili wanarusha, wa katikati anakwepa huku anajaza chupa. Mtoto anayetaka kujaza tu hupigwa, na anayekwepa tu hajazi. Lazima agawe akili. Mimi nilikuwa nikipigwa mpira wa kwanza kabisa, mpaka wakaniweka kuwa mhesabuji. Kombolela ni ya kopo moja. Mbio za ndimu kwenye kijiko huwaweka wa miaka sita na wa miaka 11 karibu sawa, maana mwenye haraka ndiye anayedondosha.

Sasa mambo ya kukazia. Ukinunua midoli ya mitumba pale Tandika, ambako utapata vitu imara kuliko vingi vipya, ioshe kwa sabuni na ufungue tundu la betri. Betri bapa zinazofanana na sarafu ndizo ninazoziogopa kuliko kitu chochote katika zawadi za watoto. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, mate yanaunganisha umeme wake, kunatengenezwa kemikali kali inayounguza nyama, na ndani ya saa mbili koo linaweza kuwa limeumia vibaya. Dalili hufanana na mafua: kukohoa, kutoa udenda, kukataa kula. Ukihisi tu kwamba kameza, usimtapishe. Mpeleke mara moja hospitali yenye eksirei, na sema neno "betri" mlangoni kabla ya kuulizwa jina. Hivyo hivyo kwa sumaku ndogo: mbili zikimezwa huvutana tumboni na kutoboa utumbo uliobanwa katikati. Puto lililopasuka liokote papo hapo, kila kipande, maana mpira wake hunata kooni na kuziba hewa. Kwa vitu vingine tumia gogo la toilet pepa: kinachopita ndani yake hakimfai mdogo wako.

Kuna watoto wawili ambao, wakionyesha dalili fulani, ningetaka uwapeleke kwa mtu wa kuwaona ana kwa ana. Huyo mdogo, kama hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, hageuki ukimwita jina, hana maneno hata machache, au alikuwa nayo yakapotea, usisubiri sikukuu ipite. Nenda naye kliniki mnakompeleka kupimwa uzito, uwaeleze hayo kwa mpangilio huo, waombe wampime na masikio. Kucheza pembeni ya wenzake peke yake hakuhitaji daktari. Na mkubwa, kama mbali na namba 38 ameacha kutoka kucheza, halali vizuri, au anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule, anza kwa mwalimu wake wa darasa au wa ushauri, kisha kituo cha afya.

Jambo la mwisho, la kifundi. Desemba ndiyo mwezi wako wa kazi, na najua wateja wa nguo za sikukuu wanavyokuja tarehe 23 na kitambaa mkononi. Kata mdoli na mpira wiki hii, watoto wakilala. Macho ya uzi unaweza kuyadarizi hata usiku wa mkesha, ila gauni la mdoli likisubiri mpaka siku hiyo, litashonwa mwezi wa pili.